Lefebvre na ndugu zake: jina la mhunzi katika koo za Wafaransa

Mwaka 1929 Marc Bloch na Lucien Febvre, waliokuwa wakifundisha historia katika chuo kikuu cha Strasbourg, walianzisha jarida la Annales, ambalo baadaye lilibadili namna historia ilivyoandikwa Ulaya. Kizazi cha tatu cha wasomi wa jarida hilo kilipofika, mmoja wa walioshika usukani alikuwa Jacques Le Goff, bingwa wa historia ya Zama za Kati. Ukiyatazama majina ya Febvre na Le Goff yakiwa yameandikwa pamoja, huoni herufi zinazoyaunganisha, na ukiyasikia yakitamkwa masikio nayo hayakusaidii. Hata hivyo yana maana moja. Yote mawili yanamtaja mhunzi, mtu wa mvukuto, nyundo na fuawe: la kwanza limetoka katika Kilatini kwa njia ya Kifaransa, na la pili limetoka katika Kibretoni, lugha ya Kikelti inayozungumzwa magharibi mwa Ufaransa.

Mfano huo unatosha kuonyesha kwa nini swali linaloonekana jepesi, yaani jina la mhunzi limeenea kiasi gani nchini Ufaransa, halina jibu la neno moja. Jina lenyewe linalojulikana zaidi ni Lefebvre, ambalo kwa kawaida hutamkwa kama Lefèvre, bila ya b kusikika. Lakini Lefebvre ni tawi moja tu la mti mkubwa, na matawi mengine yamekua mbali na shina kiasi kwamba wenye kuyabeba wenyewe, mara nyingi, hawajui kuwa wanachangia asili.

Shina ni neno la Kilatini faber, na nadhani msomaji wa Kiswahili atalielewa upesi kuliko Mfaransa wa leo, kwa sababu lilifanya kazi karibu sawa na neno letu fundi. Faber alikuwa mtu wa kazi ya mikono, hasa yule anayeshughulika na vitu vigumu. Ili kujua ni fundi wa nini, Warumi waliongeza neno la pili: faber tignarius alikuwa fundi wa mbao za ujenzi, faber aerarius fundi wa shaba, na faber ferrarius fundi wa chuma. Kadiri karne zilivyopita katika nchi iliyokuja kuitwa Ufaransa, maana ilijibana, na neno likabaki zaidi kwa yule wa chuma. Katika Kifaransa cha kale likawa fevre. Kumbukumbu za desturi za mafundi wa Paris, zilizokusanywa na Étienne Boileau aliyekuwa msimamizi wa mji huo kwa niaba ya mfalme mnamo miaka ya 1260, bado zinalitumia neno hilo pamoja na kivumishi chake, kwa mfano fevre coutelier, yaani mhunzi wa visu. Mtindo wa Kirumi wa kutaja fundi kisha kutaja ufundi wake ulikuwa haujafa.

Baadaye fevre lenyewe lilikufa kama neno la kawaida. Kazi zake ziligawanywa: mwenye kupiga kwato za farasi akaitwa maréchal, mtengeneza makufuli akaitwa serrurier, mtengeneza visu akabaki coutelier bila fevre mbele yake, na mhunzi wa jumla akapata jina la forgeron. Kuna kichekesho kidogo hapa, kwa kuwa forgeron limetokana na forge, karakana ya mhunzi, na forge nalo limetokana na fabrica, neno la Kilatini lililozaliwa na faber huyo huyo. Mjukuu alimfukuza babu nyumbani. Leo Mfaransa wa kawaida analikuta neno la kale mahali pamoja tu katika mazungumzo yake, ndani ya orfèvre, ambalo ni aurifaber la Kilatini, fundi wa dhahabu, yule ambaye sisi humwita sonara. Kwingine kote limebaki katika majina ya watu.

Kabla ya kwenda mbele, inafaa kueleza jina la ukoo ni kitu gani, kwa sababu desturi zetu ni tofauti. Katika sehemu kubwa ya pwani ya Afrika Mashariki mtu hubeba jina lake, kisha la baba, kisha la babu, na kila kizazi kinapopita mnyororo husogea hatua moja. Jina la ukoo la Kifaransa halisogei. Lilianza kama lakabu ya mtu mmoja aliyeishi karne ya 12 au ya 13, likaganda, kisha likarithiwa na watoto wake hata pale ambapo hakuna hata mmoja wao aliyegusa nyundo. Walio karibu zaidi na mtindo huo katika miji yetu ni jamii zenye asili ya Gujarat, ambazo majina kama Soni, la sonara, na Mistry, la fundi wa ujenzi na useremala, yamekuwa yakirithiwa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam na watu ambao huenda ni mawakili au madaktari.

Lakabu hizo zilihitajika kwa sababu majina ya ubatizo yalikuwa machache mno. Kijiji kingeweza kuwa na akina Jehan wanane, na karani wa kodi alipaswa kuwatofautisha: Jehan mrefu, Jehan wa msituni, Jehan mwana wa Martin, Jehan mhunzi. Hapa ndipo penye jambo ambalo watu wengi hulielewa kinyume. Wanapoona jina la mhunzi limejaa, hudhani kwamba Ufaransa ya Zama za Kati ilikuwa imejaa wahunzi. Mambo yalikuwa kinyume chake. Wakulima ndio waliokuwa wengi kupita wote, na majina yenye maana ya mkulima hayakuenea kwa kiasi hicho, maana kumwita mtu mkulima katika kijiji cha wakulima ni sawa na kutomwita kitu. Mhunzi alikuwa mmoja, au wawili pakiwa pakubwa. Kila mtu alimhitaji, kwa sababu jembe, mundu, bawaba ya mlango na kiatu cha farasi vilipita mikononi mwake. Alikaa mahali pamoja, karakana yake ilisikika toka mbali, na mara nyingi mtoto alirithi kazi ya baba pamoja na vifaa vyake. Lakabu ya mhunzi ilimtofautisha mtu barabara, tena ikamtofautisha katika maelfu ya vijiji kwa wakati mmoja, bila ya kijiji kimoja kuuliza kingine.

Kwa hiyo akina Lefebvre si ukoo mmoja. Hakuna Lefebvre wa kwanza ambaye wote wametoka viunoni mwake, na mtu anayetafuta nembo ya familia ya Lefebvre katika maduka ya kuuza nembo anauziwa ndoto. Majina hayo yalizaliwa mbalimbali, kila moja katika karakana yake, na kufanana kwao ni kufanana kwa kazi.

Tofauti ya maumbo ilitokana kwanza na ramani ya lugha. Kaskazini mwa Ufaransa, a ya Kilatini iliyokuwa na mkazo iligeuka kuwa e, na b iliyotangulia r ikalainika kuwa v. Ndivyo labra, midomo, ilivyokuwa lèvre, na ndivyo fabrum ilivyokuwa fevre. Watu wa kaskazini walikuwa pia na tabia ya kubakiza kibainishi le, kineno cha Kifaransa kinachotangulia nomino, mbele ya jina la kazi mpaka kikagandana nalo, ndipo tukapata Lefèvre, na upande wa magharibi kuelekea Sarthe na mipaka ya Bretagne tukapata Lefeuvre. Mashariki, katika Franche-Comté na Lorraine, kibainishi mara nyingi hakipo, nasi tunakuta Faivre na Febvre. Familia ya Lucien Febvre, ingawa yeye mwenyewe alizaliwa Nancy mwaka 1878, ilikuwa na mizizi Franche-Comté.

Kusini mambo yakawa mengine. Katika Kioksitani a haikubadilika, na jina likabaki Fabre, karibu kabisa na Kilatini, hasa katika Languedoc, Aveyron na Provence. Jean-Henri Fabre, mchunguzi mashuhuri wa wadudu, alizaliwa Saint-Léons katika Aveyron mwaka 1823, na jina lake linamweka kwao bila ya kuhitaji cheti. Sehemu nyingine za eneo hilo hilo la lugha ziliigeuza b kuwa u, wakapatikana akina Faure, wengi wao upande wa Drôme, Isère na Limousin. Savoie na Uswisi ya Kifaransa zilichukua njia ya katikati: a ilibaki kama kusini, b ikawa v kama kaskazini, na jina likawa Favre. Pierre Favre, mmoja wa wenzake wa mwanzo wa Ignatius wa Loyola katika kuanzisha Shirika la Wajesuiti, alizaliwa Savoie mwaka 1506. Na huko Gascogne, ambako f ya mwanzo wa neno ina mazoea ya kugeuka kuwa h, kuna akina Haure. Msomaji akimwona Haure na Lefebvre katika orodha moja, hana sababu yoyote ya kushuku kwamba wote wawili ni faber.

Juu ya hayo kuna pembe za Ufaransa ambazo hazikuzungumza lugha yoyote iliyotokana na Kilatini. Wabretoni walimwita mhunzi gov, na kutokana nalo wakapata Le Goff, pamoja na Le Goffic, umbo la kudogosha. Alsace ina akina Schmitt. Mpakani mwa Ubelgiji, ambako Kiflemi kilitumika, kuna Desmet na Smet. Mwimbaji aliyependwa kuliko wote nchini Ufaransa katika nusu ya pili ya karne ya 20, Johnny Hallyday, aliyezaliwa mwaka 1943, jina lake la kiserikali lilikuwa Jean-Philippe Smet, kutoka kwa baba yake Mbelgiji. Alijitafutia jina la jukwaani lenye ladha ya Kimarekani, ilhali lile la kiserikali lilikuwa, kwa maana, Smith halisi.

Sasa turudi kwenye ile b ya Lefebvre, kwa kuwa ndiyo inayowasumbua wageni na hata wenyeji. Haikutoka midomoni mwa watu. Ilikuwa imeshapotea katika matamshi karne nyingi kabla ya Zama za Kati kufikia mwisho. Walioirudisha ni makarani na manotari, watu waliosomea Kilatini na waliopenda kuonyesha kwamba wanajua neno limetoka wapi. Waliona fevre, wakakumbuka faber, wakapachika b. Tabia hiyo haikuishia katika jina hili. Kifaransa kizima kilijazwa herufi za kimya kwa sababu ya heshima hiyo kwa Kilatini.

Palikuwa pia na sababu ya manufaa. Katika maandishi ya wakati ule u na v hazikuwa herufi mbili. Zilikuwa maumbo mawili ya herufi moja, na katikati ya neno kwa kawaida iliandikwa u. Kwa hiyo fevre iliandikwa feure, na msomaji asingejua kama asome v au u. Ile b ya kimya, ikisimama kabla ya u, ilimwashiria kwamba hapo pana konsonanti: febure, soma fevre. Ni hila nzuri, ila ilileta balaa lake. Baadaye, u na v zilipotenganishwa, baadhi ya makarani waliandika Lefebvre kama ilivyotarajiwa, na wengine wakanakili Lefebure kama walivyoikuta. Vizazi vilivyofuata vikasoma kilichoandikwa, na likazaliwa jina jipya, Lefébure, ambalo b yake hutamkwa na u yake hutamkwa. Hakuna mhunzi yeyote aliyepata kuitwa hivyo kwa sauti. Ni jina lililozaliwa mezani, kutokana na kusoma.

Ushahidi kwamba wasomi wa wakati huo walijua vizuri kilichokuwa ndani ya jina tunao kwa Jacques Lefèvre, mzaliwa wa Étaples katika Picardie, aliyefariki mwaka 1536. Alikuwa mwanazuoni aliyetafsiri Biblia kwa Kifaransa, ikachapishwa nzima Antwerp mwaka 1530. Alipoandika Kilatini, alijiita Jacobus Faber Stapulensis, yaani Yakobo Mhunzi wa Étaples, akairudisha safari yote ya neno hadi ilipoanzia.

Tahajia zilichelewa kutulia. Amri ya Villers-Cotterêts ya mwaka 1539, iliyotolewa na Mfalme François wa Kwanza, iliagiza mapadri waweke vitabu vya ubatizo, na kwa njia hiyo iliyaweka majina katika wino. Lakini padri aliandika alichosikia, na mtu mmoja angeweza kubatizwa Lefevre, kuoa akiwa Lefebvre na kuzikwa akiwa Le Febure. Tarehe 20 Septemba 1792 Mapinduzi yaliuhamisha uandikishaji kutoka kanisani kwenda serikalini. Sheria ya tarehe 6 Fructidor ya mwaka wa pili wa kalenda ya mapinduzi, yaani tarehe 23 Agosti 1794, ikamkataza raia kutumia jina lolote lisilo lile la cheti chake cha kuzaliwa. Kuanzia hapo kosa la karani likawa mali ya ukoo. Kitabu cha familia, kilichoanzishwa mwaka 1877, kilikamilisha kazi, kwa sababu sasa watu walikuwa na karatasi mkononi ya kumwonyesha karani anayefuata. Ndugu wawili wa tumbo moja walioandikwa tofauti waliacha nyuma yao koo mbili.

Haya yote ndiyo yanayolifanya suala la wingi kuwa gumu. Chanzo kinachotumiwa zaidi ni faili la majina la taasisi ya taifa ya takwimu, INSEE, ambalo limejengwa juu ya watu waliozaliwa Ufaransa kuanzia mwaka 1891 hadi 1990. Faili hilo huhesabu waliozaliwa. Halihesabu walio hai leo, na wahamiaji waliozaliwa nje ya nchi hawamo. Majina yameandikwa kwa herufi kubwa bila alama za juu, kwa hiyo Lefèvre na Lefevre huwa moja. Lakini Lefebvre, Lefebure, Lefeuvre, Faure, Fabre, Favre na Faivre husimama kila moja peke yake, kama kwamba hazijuani.

Kwa hesabu hiyo, jina la kwanza nchini ni Martin, lenye watu zaidi ya laki mbili, na linalofuata kwa kawaida ni Bernard. Martin si jina la kazi. Ni jina la ubatizo lililosambazwa na heshima ya Mtakatifu Martino wa Tours. Lefebvre huingia katika majina ishirini ya mwanzo na ndilo la kwanza miongoni mwa majina ya kazi, mbele ya Fournier, mwenye tanuri la mikate. Lefèvre na Faure zote hupatikana ndani ya hamsini za kwanza, na Fabre ndani ya mia moja za kwanza. Ukiyajumlisha matawi haya, ukaongeza akina Favre na Faivre, bila hata kuwagusa akina Le Goff na Schmitt, mhunzi anampita Martin. Kwa maoni yangu huo ndio usomaji wa haki wa takwimu, kwa sababu Martin hakugawanywa na lahaja wala na makarani: hutamkwa na kuandikwa vilevile karibu kila mahali, nayo nafasi ya kwanza imemwangukia kwa sababu hiyo kwa sehemu kubwa.

Ulinganisho na majirani unaunga mkono hoja hii. Uingereza, ambako jina la mhunzi lilibaki na umbo moja kuu, Smith ndilo la kwanza bila mshindani. Ujerumani, Müller, msaga nafaka, anaongoza, na Schmidt anafuata. Lakini Schmidt naye amevunjwa vipande vya Schmitt, Schmid na Schmitz, na vipande vikiunganishwa msaga nafaka anarudi nyuma. Kwa maneno mengine, kinachopimwa na orodha hizi ni umoja wa tahajia kabla ya kuwa wingi wa watu.

Kwenye ramani, Lefebvre yenye b imeshikilia kaskazini kabisa: Nord, Pas-de-Calais, Somme, kisha Seine-Maritime katika Normandie. Lefèvre imetawanyika zaidi, kutoka Aisne hadi Normandie na viunga vya Paris. Uhamiaji wa kwenda Paris katika karne ya 19 na ya 20 uliyachanganya yote, na kwa hiyo Félix Faure, aliyekuwa Rais wa Ufaransa kuanzia mwaka 1895 hadi alipofariki 1899, alizaliwa Paris akiwa na jina la kusini. Henri Lefebvre, mwanafalsafa, alizaliwa Hagetmau katika Landes mwaka 1901, ndani kabisa ya Gascogne, ambako mhunzi wa kienyeji angekuwa Haure. Jina hueleza mahali lilipogandia, nalo halina la kusema kuhusu mahali mtu alipozaliwa.

Nje ya Ufaransa jina liliendelea kubadilika kwa kanuni ile ile ya sikio na kalamu. Wahugenoti, Waprotestanti waliokimbia mateso, walilipeleka katika koloni la New York, na akina LeFevre walikuwa miongoni mwa wanaume 12 waliopewa ardhi ya New Paltz mwaka 1677. Quebec ililipokea kutoka kwa walowezi wa karne ya 17, na huko watu huangusha r ya mwisho wakalitamka Lefève. Waliovuka mpaka kwenda kutafuta kazi katika viwanda vya Marekani waliandikwa LaFave. Wengine, kwa kuwa fève kwa Kifaransa ni harage, walitafsiriwa wakawa Bean, na mhunzi akaishia kuwa kunde kwa amri ya sikio la karani.

Quebec ilikuwa pia na desturi ya kuongeza jina la pili baada ya neno dit, yaani aitwaye, ili kutofautisha familia zenye jina moja. Ni tatizo lile lile la akina Jehan wanane, limerudi baada ya miaka mia tano, safari hii juu ya jina la ukoo lenyewe. Kulikuwa na Lefebvre dit Belle-Isle, na kulikuwa na Lefebvre dit Boulanger, yaani Mhunzi aitwaye Mwokamikate. Baadhi ya wazao wa tawi kama hilo walibaki na jina la kwanza na wengine wakalitupa wakashika la pili, hivyo mtu anayewatafuta mababu zake katika vitabu vya ubatizo vya kingo za mto Saint-Laurent hulazimika kufungua kurasa za L na za B kwa pamoja.